Kutoa katuni kwa ajili ya tovuti, simu na runinga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umetokana na ujumbe ninaotumiwa na wachoraji wenzangu, wengi wao wakiandika saa nane za usiku na mteja anaitaka kazi asubuhi. Katuni imekwisha, inapendeza kwenye kompyuta iliyoichora, lakini ikitoka humo inakuwa nzito, rangi zinapauka, au inaganda kwenye simu ya shangazi. Nimeacha maswali kwa lugha ileile mnayoulizia.

Katuni yangu ni ya dakika moja tu. Mbona faili imefika karibu gigabaiti tisa?

Kwa sababu imetoka bila kubanwa. Fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazopishana kuleta mwendo, ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kila pikseli inabeba baiti tatu za rangi, kwa hiyo fremu hiyo peke yake ni megabaiti 6.2. Zidisha kwa fremu 24 upate megabaiti 149 kwa sekunde. Dakika nzima ni gigabaiti 8.96. Hakuna kilichoharibika, ndugu yangu. Umechagua tu AVI au MOV isiyobanwa, ambayo hata kompyuta yako yenyewe huenda inashindwa kuicheza bila kukwamakwama. Usiitupe lakini. Soma swali la faili mama hapo chini kwanza.

MP4, MOV, WebM, H.264, AV1: haya yote ni kitu kimoja?

Hapana, na kuyachanganya ndiko kunakowapotezea watu usiku. MP4, MOV na WebM ni makapu. Ndani ya kapu kuna picha, kuna sauti, pengine na maandishi ya chini. H.264, H.265, VP9 na AV1 ni kodeki, yaani namna picha zilivyokunjwa ili zienee kwenye kapu. Ndiyo maana unaweza kuwa na MP4 mbili, moja inacheza kila mahali, nyingine inatoa sauti tu na kioo cheusi: kapu ni lilelile, ukunjaji ni tofauti.

H.264 ilitoka mwaka 2003. VP9 na H.265 zikafuata mwaka 2013, AV1 mwaka 2018. Kila mpya hubana zaidi ya iliyotangulia na hudai kazi zaidi, wakati wa kubana na wakati wa kufungua. Simu ya bei nafuu ina saketi maalumu ya kufungua H.264, hivyo video inacheza bila simu kupata moto. Ikipewa AV1 na haina saketi yake, kazi yote inaangukia prosesa, betri inakwenda na picha inarukaruka. Kwa hiyo hujui nani atatazama? H.264 na sauti ya AAC ndani ya MP4. Ukiwa na tovuti yako na muda wa kutosha, weka AV1 au VP9 kama chaguo la kwanza na H.264 nyuma yake, kivinjari kitajichagulia.

Umetaja faili mama. Ndiyo nini?

Ni nakala ya katuni iliyo kamili, isiyopoteza kitu, ambayo haiendi kwa mtazamaji yeyote. Inazaa nyingine zote. Ya YouTube inatoka kwake, ya WhatsApp inatoka kwake, GIF inatoka kwake. Hakuna mtoto anayezaa mtoto mwenzake.

Nasisitiza hili kwa sababu kosa ninaloliona zaidi ya yote ni hili: mtu anatoa MP4 ya kumtumia mteja, mteja anaomba nyingine ndogo, anaibana ileile MP4, kisha mteja anataka GIF, anaitengeneza kutoka kwenye ile ndogo. Ni fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Kila kodeki ya aina hii inatupa kitu, na kilichotupwa hakirudi. Mistari ya wino inaota ukungu pembeni, sehemu bapa za rangi zinatokea viraka vya mraba.

Umbo ninalolipenda kwa faili mama ni folda ya picha za PNG, moja kwa kila fremu, zenye namba: fremu_0001.png, fremu_0002.png na kuendelea. Pembeni yake sauti moja ya WAV ya kilohezi 48. PNG haipotezi kitu, inabeba uwazi (pasipochorwa panabaki bila mandhari), na kwa katuni ya rangi bapa fremu moja mara nyingi haifiki megabaiti moja. Halafu kuna umeme. Ukirenda, yaani ukiiachia kompyuta itoe picha za mwisho, moja kwa moja kwenda MP4 na umeme ukakatika kwenye fremu ya 1,900, mara nyingi umebaki na faili isiyofunguka. Ukirenda PNG una fremu 1,899 salama na unaendelea ulipoishia. Miaka ya mwanzo nilipoteza renda ya usiku kucha namna hiyo, tena mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani ni bahati mbaya.

Wanaofanya kazi na wahariri wa video huombwa ProRes 4444 ndani ya MOV. Hiyo nayo ni faili mama nzuri, ingawa inapoteza kidogo kisichoonekana kwa macho, na inabeba uwazi. Ni nzito, lakini mhariri hataki folda ya picha 4,320, na siwezi kumlaumu.

Niweke fremu ngapi kwa sekunde?

Ukichora kwa mkono, 24, huku kila mchoro ukikaa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Huo ndio utaratibu wa siku nyingi wa katuni na macho yameuzoea. Ukijua tangu mwanzo kwamba kazi inakwenda runingani huku kwetu, anza na 25, kwa sababu Afrika Mashariki ilirithi mfumo wa runinga za analojia uitwao PAL na namba hiyo ilibaki hata baada ya kuhamia dijitali, safari ambayo Tanzania iliianza kwa kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012.

Kutoka 24 kwenda 25 hakuna shida: unaharakisha kwa asilimia 4 hivi na hakuna anayegundua, labda mwanamuziki atakayesikia sauti imepanda kidogo. Kutoka 30 kwenda 25 ndiko kwenye balaa. Fremu moja kati ya sita inaondolewa, na mhusika anayetembea anaonekana kama anajikwaa kila baada ya hatua. Usiende 60 kwa katuni ya kuchora. Unalipia fremu ambazo hukuzichora.

Mimi na mwenzangu tumetumia mipangilio ileile. Yake ya dakika tatu ina MB 12, yangu ya dakika moja ina MB 40. Kuna uchawi gani?

Hakuna uchawi, kuna kanga.

Kodeki haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili mara mojamoja, na kati ya hizo inaandika tu kilichobadilika: huyu amesogea hapa, ule mkono umeinuka. Kilichobaki palepale hakigharimu karibu chochote. Ndiyo maana mchoro uliokaa fremu mbili ni nafuu, ile fremu ya pili ni kama kumwambia mpokeaji "rudia". Katuni ya rangi bapa, mandhari iliyotulia na wahusika wawili wanaozungumza ni chakula laini kabisa kwa kodeki.

Sasa mwangalie mhusika wako. Amevaa kanga yenye vidoto vidogovidogo, na anacheza. Kila doto ni ukingo mkali wa rangi, na kila ukingo unahama kila fremu. Nyuma yake mvua inanyesha, matone mia mbili, hakuna linalofanana na la fremu iliyopita. Juu ya picha nzima umeweka chembechembe za karatasi ili ionekane ya kuchorwa kwa mkono, na chembe hizo umezifanya zibadilike kila fremu. Hapo kodeki haina la kurudia. Kila fremu ni habari mpya kuanzia kona hadi kona.

Wachoraji wengine huchora mstari uleule mara tatu ili utetemeke kidogo hata mhusika akiwa amesimama. Naupenda mtetemo huo, una uhai. Lakini ujue una bei yake kwa megabaiti.

Tiba si kuondoa vitu vyote hivyo. Chembe za karatasi zibadilishe kila baada ya fremu mbili au nne badala ya kila fremu, au zitulize kabisa kwenye mandhari na uziache kwa mhusika tu. Mapambo ya kanga yakuze: doto kumi kubwa zinasomeka kwenye simu, doto mia zinageuka uji. Kamera ikisogea polepole mfululizo kwa dakika nzima bila sababu, isimamishe. Utashangaa faili inavyopungua kabla hujagusa mpangilio hata mmoja wa kubana.

Basi nipe mipangilio. Namba zenyewe.

Natumia FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa maandishi. Anayeogopa maandishi atumie HandBrake, ina vitufe. Amri yangu ya kila siku ni hii:

ffmpeg -framerate 24 -i fremu_%04d.png -i sauti.wav -c:v libx264 -preset slow -crf 20 -tune animation -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 128k -movflags +faststart katuni.mp4

Namba ya kuchezea ni ya crf. Inaanzia 0 hadi 51, na kadiri inavyopanda ndivyo ubora unavyoshuka na faili inavyopungua. Usipoandika kitu inachukua 23. Kwa katuni naanza na 20, nikiona faili nzito naenda 23, kisha 26, na kila mara naangalia sehemu mbili: mistari myembamba ya uso na anga iliyochanganya rangi. Hizo ndizo huharibika kwanza. Neno "animation" pale linaiambia kodeki itegemee picha zenye maeneo bapa makubwa. "Slow" inamaanisha ikae ifikiri. Mimi hulala, yenyewe inafikiri.

Usiondoe yuv420p. Bila hiyo, kutoka kwenye PNG unaweza kupata video inayocheza kwenye kompyuta yako na kukataa kwenye simu nyingi. Na upana na urefu viwe namba zinazogawanyika kwa mbili, la sivyo amri itagoma.

Mteja anasema isizidi MB 15, katuni ni dakika tatu. Inawezekana?

Inawezekana, kwa hesabu ya duka la mangi. Megabaiti 15 ni megabiti 120, yaani kilobiti 120,000. Gawa kwa sekunde 180, unapata kilobiti 667 kwa sekunde kwa kila kitu. Toa 96 za sauti, zimebaki kama 570 za picha, na uache kidogo kwa ajili ya kapu lenyewe, weka 550. Hizo hazitoshi kwa 1080, lakini katuni ya rangi bapa kwenye urefu wa pikseli 480 itakaa vizuri. Tumia ubanaji wa mizunguko miwili: wa kwanza kodeki inatazama katuni nzima, wa pili inagawa biti, sehemu zenye ngoma zipate zaidi na sehemu za mazungumzo zipate kidogo.

Mteja anayetaka MB 15 na 4K kwa pamoja, mpigie simu. Usimwandikie.

Nikiituma WhatsApp inaharibika. Nifanyeje?

WhatsApp huibana upya video unayotuma kama video. Wewe umeibana, yenyewe inaibana tena. Kwa mteja anayehitaji kuona ubora, itume kama dokumenti. Hapo haiguswi, na kikomo ni gigabaiti 2. Kwa watazamaji wa kawaida, fanya kazi ya kubana mwenyewe: 720, crf 24 hivi, sauti ya wastani. Ukiwapelekea faili ndogo iliyobanwa kwa adabu, kinachoharibiwa tena ni kidogo.

Na tafadhali fikiria bando la anayepokea. Katuni ya MB 60 kwenye kundi la familia lenye watu 80 si zawadi kwa wote.

Stika zinazocheza ni jambo jingine. Ni faili za picha za aina ya WebP, pikseli 512 kwa 512, chini ya kilobaiti 500, zisizozidi sekunde 10. Kilobaiti 500 huisha haraka, kwa hiyo rangi chache, mwendo mmoja, mduara unaojirudia bila mshono.

YouTube je? Si nayo inabana? Basi niipelekee ndogo?

Kinyume chake. YouTube itaibana upya kwa vyovyote vile na kutoa nakala za kila ukubwa, hivyo ipelekee kubwa na safi iwe na cha kufanyia kazi. Mapendekezo yao kwa 1080 ya fremu 24, 25 au 30 ni megabiti 8 kwa sekunde, kwa 720 ni 5. Dakika tano kwa 8 ni MB 300. Mimi hupeleka zaidi ya hapo kama bando la usiku linaruhusu, hasa katuni ikiwa na mvua au vumbi. Video fupi za kusimama wima, pikseli 1080 kwa 1920, zinaweza kufika dakika 3 tangu Oktoba 2024. Chora kwa ajili ya wima tangu ubao wa mwanzo. Kukata pande za katuni ya mlalo kunamwacha mhusika mmoja anaongea na ukuta.

Mteja anataka GIF. Mbona GIF yangu ni mbaya na nzito kuliko video?

Kwa sababu GIF ni mzee wa mwaka 1987. Ilitengenezwa CompuServe kwa ajili ya picha zilizopita kwenye nyaya za simu, na ina rangi 256 tu kwa kila fremu. Haijui habari ya mwendo kama kodeki za video zinavyojua. Sekunde sita za GIF zinaweza kuzidi kwa mbali MP4 ya mwendo uleule.

Swali la kwanza kwa mteja: ni kweli unataka GIF, au unataka kitu kinachocheza chenyewe bila sauti na kujirudia? Wengi wanataka cha pili, na MP4 bila sauti inafanya hivyo. GIF inabaki na maana kwenye barua pepe na kwenye mifumo ya zamani isiyopokea video.

Ikibidi, ikatwe fupi, iwe na upana wa pikseli 480 au chini, na itengenezewe paleti yake yenyewe badala ya rangi za kubahatisha:

ffmpeg -i mama.mov -vf "fps=12.5,scale=480:-1:flags=lanczos,split[a][b];[a]palettegen[p];[b][p]paletteuse=dither=bayer" katuni.gif

Unashangaa hiyo 12.5. GIF hupima muda kwa vipande vya sekunde moja kwa mia. Fremu 24 kwa sekunde zingehitaji kila fremu ikae vipande 4.17, na GIF haijui nukta. Chagua 10, 12.5, 20 au 25, mwendo utakuwa sawasawa. Ukijaribu kuweka kipande kimoja tu ili iende mbio sana, vivinjari vitakuona mkorofi na kuicheza polepole.

Kuhusu vile vidoto vinavyotiwa ili kuficha uhaba wa rangi: kwa katuni bapa jaribu kuvizima kabisa kwa kuandika dither=none. Vidoto vinaivuruga namna GIF inavyobana, ambayo hupenda mistari mirefu ya rangi moja. Rangi zako ni nane au kumi, 256 zinakutosha na chenji inabaki. Vidoto viache kwa ajili ya machweo na ngozi zenye vivuli laini.

Nina nembo inayocheza, nataka ikae juu ya ukurasa bila mandhari nyuma. H.264 inaweka nyeusi.

H.264 ya kawaida haibebi uwazi. Una njia tatu. WebM ya VP9 yenye uwazi inakubalika kwenye Chrome na Firefox:

ffmpeg -framerate 24 -i fremu_%04d.png -c:v libvpx-vp9 -pix_fmt yuva420p -crf 30 -b:v 0 nembo.webm

Kwa Safari ya iPhone andaa nakala ya H.265 yenye uwazi, hutengenezwa kwenye kompyuta ya Apple. Njia ya pili ni WebP au APNG inayocheza, nyepesi kuandaa na vivinjari vya leo vyote vinazisoma.

Njia ya tatu ndiyo nzuri zaidi kama nembo yako ni ya maumbo ya vekta: Lottie, iliyotolewa na Airbnb mwaka 2017. Haihifadhi picha, inahifadhi maelezo ya maumbo na miendo, na simu inayachora yenyewe. Faili inaweza kuwa kilobaiti chache na ikabaki kali kwenye kioo cha ukubwa wowote. Jina limetokana na Lotte Reiniger, Mjerumani aliyekuwa akikata vivuli vya karatasi kwa mkasi na kuvipa uhai miaka mia moja iliyopita, jambo linalonifurahisha kila ninapolikumbuka. Ila usimlazimishie Lottie katuni yenye rangi za maji na chembe za karatasi. Hapo itabeba picha za PNG ndani yake na uzito unarudi palepale.

Rangi zangu zinapauka, nyekundu imekuwa ya tofali. Nimefanya nini?

Kuna wahalifu watatu, na mara nyingi hushirikiana.

Wa kwanza yumo kwenye programu ya kurendea. Blender, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2023, huja na mtazamo wa rangi uitwao AgX, uliotengenezwa ili mwanga mkali uonekane kama wa kamera. Kwa katuni bapa unaua rangi. Nenda kwenye mipangilio ya rangi uchague Standard, na nyekundu uliyoichagua ndiyo itakayotoka.

Wa pili ni tafsiri. PNG ina nyekundu, kijani na buluu. Video inahifadhi mwanga upande mmoja na rangi upande mwingine. Kuna kanuni mbili za kutafsiri, ya runinga za zamani na ya HD. FFmpeg ikiachiwa yenyewe hutumia ya zamani, kicheza video kikiona 1080 kinadhani ni ya HD, na hapo kijani na nyekundu zinateleza. Ongeza haya kwenye amri:

-vf "scale=out_color_matrix=bt709" -colorspace bt709 -color_primaries bt709 -color_trc bt709

Wa tatu si wa kumlaumu, ni maumbile ya yuv420p yenyewe: rangi huhifadhiwa sampuli moja kwa kila pikseli nne. Mwanga unabaki mkali, rangi inavuja pembeni. Ukichora kwa mtindo wa Tingatinga, rangi kali zilizokaa bega kwa bega, mstari mwembamba mwekundu juu ya buluu utatoka na ukungu. Nenepesha mstari, au uzungushie mweusi kama mafundi wa mtindo huo wanavyofanya. Mweusi unaishi kwenye mwanga, hauvuji.

Na anga inayotoka buluu kwenda chungwa ikionyesha ngazi badala ya mteremko laini? Nyunyizia chembe hafifu sana za kelele juu yake kwenye faili mama. Ndiyo, nilisema juu kwamba chembe ni ghali. Hapa zinalipa.

Kwenye tovuti yangu video haianzi yenyewe, na ikianza mtu anasubiri ipakuliwe yote.

Mambo mawili tofauti. Vivinjari vya simu vinakataa kuanzisha video yenye sauti bila mtu kugusa. Kwenye lebo ya video andika autoplay, muted, loop na playsinline. Bila hiyo ya mwisho iPhone huifungua kioo kizima.

Kusubiri kunatokana na fahirisi. MP4 ina orodha inayosema fremu ipi iko wapi, na kwa kawaida programu huiandika mwishoni, maana haijui urefu hadi imalize. Kivinjari kikikosa orodha hiyo mwanzoni kinalazimika kuitafuta mkiani. Ile "+faststart" kwenye amri yangu huihamishia mbele. Haigusi ubora hata kidogo. Nimewahi kulipwa kutengeneza upya tovuti "iliyokuwa polepole" na kazi yote ilikuwa hiyo.

Weka pia picha ya kusimama kabla ya kucheza, na preload="none" kwa video zilizo chini ya ukurasa. Asiyeshuka huko hatalipia.

Nina katuni za zamani za SWF. Zimekufa?

Flash, programu iliyokuwa ikicheza hizo SWF, ndiyo iliyokufa: Adobe waliacha kuitunza tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia Januari 12, 2021 kichezaji chake kikaanza kukataa kucheza. Faili zenyewe zi hai. Ruffle, programu huria, inazicheza ndani ya kivinjari. Ukiwa bado na FLA ya asili, yaani ile faili uliyochorea, ifungue kwenye Adobe Animate utoe fremu za PNG kwa ukubwa wowote, kwani ni vekta. Kazi ya mwaka 2006 iliyochorwa kwa pikseli 550 inaweza kutoka leo kwa 4K, na ni kali kuliko ilivyowahi kuonekana.

Kituo cha runinga na ukumbi wa sinema wanataka nini?

Waulize, kila kituo kina karatasi yake. Tarajia 1920 kwa 1080, fremu 25, na sauti iliyopimwa. Kipimo cha ukubwa wa sauti kinachotumiwa Ulaya ni LUFS −23, wakati YouTube inacheza karibu na −14, hivyo utahitaji michanganyo miwili ya sauti. Sinema hupokea DCP, furushi la faili za kuonyeshea ukumbini: kila fremu ni picha ya JPEG 2000, kwa kawaida fremu 24. DCP-o-matic huitengeneza bure. Matamasha mengi yanakubali pia faili ya kawaida, kwa hiyo usihangaike na DCP kabla hujachaguliwa.

Nina tukio la radi zinazomweka. Kuna tatizo?

Lipo. Mwongozo wa tovuti ni kutomweka zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja. Desemba 1997 huko Japani kipindi kimoja cha katuni chenye mwanga mwekundu na buluu uliopishana haraka kiliwapeleka watoto kwa mamia hospitalini. Radi moja, kisha giza, kisha ngurumo. Inatisha zaidi.

Nijaribie kwenye simu gani?

Mbovu kuliko zote nyumbani. Kioo kimepasuka, hifadhi imejaa, mwanga umepunguzwa, na mtu yuko juani. Kama sura ya mhusika inasomeka hapo na video haigandi, kwingine kote itapita. Sikiliza pia kwa spika ya simu hiyo, bila spika za masikioni. Besi uliyoihangaikia siku mbili haipo. Kama mazungumzo yanamezwa na muziki, shusha muziki.

Nimeshatoa faili zote, mteja amelipa. Nifute zile PNG?

Usifute. Dakika tatu ni fremu 4,320. Kwa katuni bapa gigabaiti nne au pungufu, inaingia kwenye flashi. Weka nakala mbili kwenye diski mbili, moja isikae chumba kimoja na kompyuta yako. Pamoja na fremu weka WAV, fonti ulizotumia, na faili ndogo ya maandishi yenye amri uliyotumia. Mteja wako atarudi mwakani akitaka ileile kwa wima, na nembo mpya.